Kipando Kilichokosekana: Uchaguzi wa Mnyama wa Kupandwa katika Afrika ya Mashariki, 1871–1918

Katika karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo kwenda bara ulikuwa msafara wa miguu ya watu. Vitambaa, shanga na masango ya shaba vilikwenda bara vichwani na mabegani mwa wapagazi, na pembe zikarudi pwani kwa njia hiyo hiyo. Yafaa kuuliza kwa nini ilikuwa hivyo, maana watu wa pwani waliwajua farasi, ngamia na punda tangu zamani, na nyika za bara zilijaa wanyama wakubwa wenye nguvu.

Farasi ndiye aliyejaribiwa mara nyingi, naye ndiye aliyekufa upesi. H. M. Stanley alipoondoka pwani mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili na punda 27. Farasi wote wawili walikufa mapema safarini. Katika nchi nyingi za bara adui mkubwa wa farasi alikuwa mbung'o. Katika miaka ya 1894 na 1895 David Bruce, akiwa Zululand, alithibitisha kwamba mdudu huyo huchukua vijidudu vya maradhi ya nagana kutoka kwa wanyama wa mwituni, ambao aghalabu hawaonyeshi ugonjwa, akawatia farasi na ng'ombe, ambao hufa. Kwa hiyo haikutosha kuuliza ni mnyama yupi mwenye mbio au nguvu. Sharti awe pia mnyama awezaye kuishi katika nchi ile.

Jaribio la kwanza kubwa lilikuwa la tembo. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aligharimia tembo wanne kutoka Bara Hindi, wakashushwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, chini ya uongozi wa Kapteni Carter. Walikusudiwa kuchukua mizigo mpaka Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, na baadaye kusaidia kuwakamata na kuwafunza tembo wa Afrika. Wengine walikufa njiani, wala hakuna aliyedumu huko Karema. Carter mwenyewe aliuawa mwaka 1880. Walakini fikira ile haikufa. Mwaka 1900 Laplume alianza kuwafunza tembo wa Kiafrika katika kaskazini ya Kongo, na kazi hiyo baadaye ikahamia Gangala na Bodio. Hapo ilionekana wazi kwamba tembo wa Afrika hufunzika. Lakini kila mmoja alipaswa kukamatwa mwituni, naye hukua polepole mno na kula sana.

Jaribio la pili lilikuwa la punda milia. Huyu alionekana kuwa jibu lenyewe: umbo lake ni la farasi, na nagana haimdhuru kama imdhuruvyo farasi. Wajerumani waliwakamata wengi katika nchi za Kilimanjaro, wakitaka kuwatumia wao au machotara wao. Huko Nairobi, Daktari Rosendo Ribeiro, Mgoa aliyefika mjini humo mwaka 1900, alijulikana kwa kuwaendea wagonjwa wake akiwa juu ya punda milia. Hata hivyo punda milia hakuwa mnyama wa kazi. Huuma na kupiga mateke, hushtuka kwa jambo dogo, na kila anayekamatwa huhitaji kuanzwa upya.

Hapa lugha ya Kiswahili yaweza kuusaidia uchunguzi. Kuzoeza ni jambo la mnyama mmoja na mtu mmoja. Kufuga, kwa maana yake kamili, ni jambo la kizazi kwa kizazi, mnyama azaliwe nyumbani na azae nyumbani. Francis Galton, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1865, alitaja masharti kadhaa: mnyama awe mgumu wa mwili, apendelee kuwa na watu, azae bila taabu akiwa kifungoni, na awe rahisi kuchungwa. Mnyama akikosa sharti moja tu huweza kubaki mwituni milele. Tembo wa Gangala na punda milia wa Nairobi walizoezwa. Jinsi zao hazikufugwa. Jina lenyewe "punda milia" laweza kumpotosha msikilizaji, kwa kuwa humweka mnyama huyo karibu na punda, ambaye mababu zake walifugwa Afrika kwenyewe miaka ipatayo 7,000 iliyopita. Milia ni tofauti ionekanayo kwa macho. Tofauti ya tabia haionekani mpaka mtu atie tandiko.

Gharama ya uchaguzi huo ulioshindikana hawakuilipa wanyama peke yao. Vita vya 1914–1918 vilipofika Afrika ya Mashariki, farasi na nyumbu wa majeshi walikufa kwa maelfu, na pale ambapo reli haikufika mizigo ikarudi mabegani mwa watu. Wapagazi waliochukuliwa na Waingereza walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, lilitoholewa na wasemaji wa Kiswahili, nalo limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Leo wengi husikia humo jina la soko tu. Lakini asili yake ni watu waliobebeshwa mzigo ambao hakupatikana mnyama wa kuuchukua.