Gari la umeme lilishindwa njiani

Wengi tunafikiri gari la umeme ni jambo la juzi. Hapana. Mwaka 1900, kule Marekani, karibu theluthi ya magari yalitembea kwa umeme. Hayakutoa moshi, wala hayakuhitaji kuzungushwa manivela.

Yalishindwa na nini? Safari ndefu. Umeme ulikuwa mjini, vijijini haukufika. Betri ikiisha, kuijaza ni masaa mengi, na mwenye kuja nyuma anangoja. Lakini petroli iliuzwa hata katika duka la kijiji.

Hapa Luvungi, kwenye barabara ya Bukavu na Uvira, historia hiyo naiona kila siku. Petroli iko kando ya barabara, ndani ya chupa, kwa Kadhafi. Umeme je? Juzi nilipanga mstari nusu siku kushariji simu kwenye paneli ya jirani. Na mto ni wetu: tangu 1989 Ruzizi ya pili inatoa umeme kwa Kongo, Rwanda na Burundi.

Basi tusiulize kwanza magari hayo yatafika lini. Tuulize: kati ya Kamanyola na Uvira, prizi iko wapi?