Pana wenyewe: mizimu, majini na ndege katika bonde la chini la Ruvuma

Mahurunga ni kata ya Wilaya ya Mtwara, kando ya Mto Ruvuma, karibu na mahali mto unapokutana na bahari. Ng'ambo ni Msumbiji, na undugu haukomei mpakani. Wenyeji wa bonde hili na pwani yake ni Wamakonde hasa, pamoja na Wamakua na Wayao, na wengi ni Waislamu. Makala hii inaeleza imani mbili zinazokwenda pamoja huku: kwamba mahali fulani pana wenyewe, na kwamba jambo lijalo hutanguliza dalili.

"Pana wenyewe" ni kauli ya pwani nzima. Anayetaka kukata mti mkubwa wa peke yake, au kukatisha kichaka cha makaburi jua likiwa la utosi, huambiwa maneno hayo mawili, na mwenyewe hatajwi jina. Kutomtaja ni adabu, kama mtu asivyomwita mkwewe kwa jina lake.

Majina hata hivyo yapo, tena mengi. Mzimu ni roho ya wazee waliotangulia, au mahali panapoheshimiwa kwa ajili yao. Pepo ni ndugu wa upepo hata kwa jina, na kinyamkera ni yule apitaye ndani ya kisulisuli. Kibwengo hukaa baharini na kwenye miti mikubwa. Chunusi huvuta waogaji chini ya maji. Jini alikuja na Uislamu akapata makao humu humu, mbuyuni na pangoni, hata mtoto wa pwani akiitwa ndani magharibi haambiwi ni kwa kuogopa mzimu au jini. Anaambiwa aingie tu. Sarufi nayo ina lake la kusema: mzimu na mizimu haikuumbwa kama mtu na watu, bali kama mto na mito, mti na miti.

Kwa Wamakonde roho za wahenga ni mahoka, na neno lao ndimu, wingi midimu, ni lile lile mzimu. Midimu huonekana kwa macho: ni wachezaji waliovaa sura za mbao, mapiko, nguo zikiwafunika mwili mzima, wanaotoka hasa vijana wanapomaliza jando na unyago. Wanawake na watoto hukimbia na kucheka kwa pamoja. Aliyeingia jandoni anajua nani yumo ndani ya sura ile, na kukaa na siri hiyo ni sehemu ya utu uzima.

Maji ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi huku, na sababu yake imo katika hadithi ya asili ya Wamakonde. Mjerumani Karl Weule, aliyezunguka nyanda za Newala na Mahuta mwaka 1906, aliiandika hivi kwa ufupi: palikuwa na mtu mmoja porini, akachonga mti kwa umbo la binadamu, akausimamisha kwenye makao yake. Usiku ule mti ukawa mwanamke. Wakashuka wawili hao hadi Ruvuma kuoga, na huko mama akazaa mtoto mfu. Wakahama, wakafika bonde la Mbwemkuru, akazaa mfu wa pili. Waliporudi juu kwenye vichaka vya Mahuta, wa tatu akazaliwa hai. Mzee yule akawausia wanawe wasikae mabondeni wala karibu na maji makubwa, kwa kuwa huko ndiko kwenye maradhi na mauti.

Msomaji wa leo atasema mbu, na hatakosea. Lakini mtu wa Mahurunga amejenga pale pale palipokatazwa. Analima mpunga bondeni, anavua, anavuka kwa mtumbwi penye mamba na viboko. Kwa maoni ya mwandishi, wingi wa miiko ya maji huku unaeleweka vizuri zaidi ukisomwa pamoja na wosia huo: anayeishi kwa mwenyewe hana budi kupiga hodi kila siku. Mamba akimchukua mtu, swali la kwanza kwa wengi si mamba alitoka wapi, bali nani alimtuma; mamba wa Mungu na mamba wa mtu ni wawili mbalimbali, kama ilivyo kwa simba.

Mwenyewe wa maji huweza pia kumchagua mtu. Mfano mashuhuri wa kusini ni wa Ngarambe, upande wa Rufiji. Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale alishikwa na pepo aitwaye Hongo. Masimulizi yanasema alizama kidimbwini, watu wakakesha, akaibuka kesho yake nguo zikiwa kavu. Maji aliyoyagawa yakavipa jina Vita vya Maji Maji. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905.

Dalili za kila siku ni jambo jingine, jepesi zaidi, na Kiswahili kimeziweka chini ya neno moja: ndege. Mwenye ndege mbaya ana mkosi, hata kama hakuona unyoya. Kiarabu kilifanya vivyo hivyo, tiyara ikatoka katika neno la ndege, na Warumi wa kale waliita kutazama ndege auspicium. Hapa ndege mkuu ni bundi. Akilia juu ya paa, mwenye nyumba humfukuza kwanza, kisha ndipo huuliza nani mgonjwa.

Nyingine ni za mwilini. Kiganja kikiwasha, fedha inakuja au inatoka, kutegemea mkono na kutegemea unamuuliza nani. Jicho likicheza kope ya juu utaona mgeni, ya chini utalia. Mvua ikinyesha na jua linawaka, simba anazaa. Kufagia usiku ni kutoa riziki nje, na kupiga mluzi usiku ni kumwita nyoka, au yule asiyetajwa. Anayeondoka alfajiri akajikwaa kwa mguu wa kushoto kizingitini hurudi ndani, hukaa kidogo, hunywa maji, kisha hutoka upya kana kwamba safari ya kwanza haikuwapo.

Dalili iliyo nzito kuliko zote hizo huombwa. Kabla ya safari kubwa au katika ugonjwa, mzee wa Kiyao humimina unga mweupe taratibu chini ya mti, mara nyingi msolo, huku akiwaita wazee kwa majina yao. Unga ukisimama kama kichuguu chenye ncha, wameitika. Ukitawanyika, safari huahirishwa.

Masheikh hawakubaliani na mengi ya haya. Hadithi ya Mtume katika Bukhari na Muslim inakana tiyara waziwazi, ingawa inaisifu fali njema, yaani neno zuri. Majini wenyewe hawakanwi, kwa sababu Kurani ina sura yenye jina lao, ya 72. Kwa hiyo kijiji kikipatwa na jambo, kisomo na sadaka ya uji hufanywa, na mara nyingine walio msikitini asubuhi ndio walio chini ya mti jioni. Serikali imeshika upande wa uchawi peke yake: sheria ya mwaka 1928, sasa Sura ya 18 ya sheria za nchi, humwadhibu anayejidai mchawi na hata anayemwita mwenzake mchawi.

Wasiotajwa hao wamepata sura hata katika uchongaji. Katika miaka ya 1950 mchongaji Samaki Likankoa, Mmakonde wa Msumbiji aliyefanyia kazi Dar es Salaam, alianza kutoa katika mpingo viumbe vya jicho moja na viungo vilivyopinda, na mtindo huo ukaitwa shetani. Vinyago vya namna hiyo hupangwa hadi leo Mwenge, Dar es Salaam, kwa ajili ya watalii, vikiwa vimesimamishwa nje ya vibanda vikitazama barabara.