Kimea cha Unyanyembe

Utajapo utamaduni wa taifa, aghalabu fikira za watu hukimbilia ngoma, mavazi na mashairi. Chungu cha pombe hupitwa kando, kana kwamba ni jambo la aibu. Katika makala haya twapenda kukirudia chungu hicho, si kwa kuusifu ulevi, bali kwa kuwa ndani yake mna elimu ambayo bibi zetu waliihifadhi bila kalamu wala karatasi.

Njia kuu ya misafara katika karne ya 19 ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, mahali ilipo Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi, wenye sifa ya mabega yasiyochoka, waliikanyaga njia hiyo mwaka hata mwaka. Mwingereza Richard Burton, akiwa pamoja na John Speke, aliingia Kazeh ya Unyanyembe tarehe 7 Novemba, 1857, siku ya 134 tangu waiache pwani. Katika kitabu chake kilichochapishwa London mwaka 1860, alieleza jinsi pombe ya mtama ilivyotengenezwa. Basi maarifa ya bibi zetu yakapigwa chapa ugenini kabla wajukuu wao hawajayaandika.

Na pombe hiyo haikuwa anasa tu. Ilikuwa nzito kama uji, ikashibisha na kuburudisha. Mwenye shamba kubwa alipika pombe, akawaalika majirani, nao wakaja na majembe yao. Jioni kata ikazunguka, na deni la jasho likalipwa. Penye harusi, tambiko au mgeni wa heshima, chungu hakikukosa. Kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake.

Siku moja, tulipokuwa Tabora kwa shughuli za kazi, tulimwomba bibi mmoja atufundishe. Tulidhani ni kazi ya siku mbili. Kwanza akaloweka mtama, akauchuja, akaufunika hata ukachipua. Kisha akauanika juani, na ulipokauka akausaga. Unga huo ndio kimea. Mtama mwingine usiochipua nao ulisagwa, ukapikwa uji. Bibi akatuambia tungoje uji upoe hata uwe vuguvugu. Sisi, kwa haraka zetu za watu wa ofisini, mara alipotupa kisogo tukakimimina kimea katika uji uliokuwa ungali ukitokota. Kesho yake uji ulikuwa vile vile, mzito, usio na utamu hata chembe. Bibi aliuonja, akacheka, akasema, "Mwanangu, umekiua kimea."

Neno hilo lilitufikirisha sana. Mwalimu wa sayansi atawaeleza wanafunzi wake kwamba punje ichipuapo huzaa vimeng'enya, navyo hugeuza wanga kuwa sukari. Moto ukizidi, vimeng'enya huharibika. Baadaye hamira hugeuza sukari hiyo kuwa kileo. Bibi hakuyajua maneno hayo, lakini alilijua jambo lenyewe, na kipimo chake kilikuwa kidole alichokichovya katika uji. Tulipoanza upya na kumtii, uji ulilainika na kuwa mtamu. Hiyo ndiyo togwa, ambayo hata mtoto hunywa. Ilipoachwa ichachuke kwa siku kadhaa, ikawa pombe.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, na mizigo ikashuka mabegani mwa wapagazi. Njia yao ikaota majani, lakini vinu havikunyamaza. Kilicho hatarini sasa ni maarifa. Tulimwuliza bibi ni nani atakayemrithi. Akatuonyesha wajukuu wawili waliokuwa wakielekea shuleni, asijibu zaidi.

Hatusemi wanafunzi wakaonje pombe. Ulevi umebomoa nyumba nyingi, na hakuna utamaduni unaopaswa kuutetea. Twasema wakaketi na bibi zao, wenye daftari mkononi, wakaulize: mtama ulilowekwa kwa muda gani, chungu kilifinyangwa wapi, kata ya kwanza alipewa nani. Mwalimu wa historia na mwalimu wa sayansi na wakutane penye chungu hicho kimoja. Bibi hao hawatatungoja daima, na kimea kikishakufa hakifufuki.