Kwa nini shimo la mgodi si kaburi la taka za nyuklia

Masara, katika Kaunti ya Migori, ni eneo linalojulikana kwa dhahabu. Wachimbaji wadogo huteremka katika mashimo membamba, na mara nyingi maji huvutwa kwanza kwa pampu ndipo kazi ianze. Atazamaye mashimo yaliyoachwa aweza kudhani kuwa hapo ndipo pafaapo kufukia taka zenye mionzi ya nyuklia. Tajriba ya mataifa yaliyojaribu kutumia migodi mikuukuu yaonyesha kinyume.

Suala hili lina uzito kwa Kenya. Hospitali zinazotibu saratani, viwanda na makampuni ya ujenzi wa barabara hutumia vifaa vyenye madini ya mionzi. Vikiisha kazi, haviwezi kutupwa jalalani. Hupelekwa katika ghala maalumu la Oloolua, karibu na Ngong, linalosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, ambayo kwa sheria ya mwaka 2019 ilichukua nafasi ya iliyokuwa Bodi ya Kinga dhidi ya Mionzi. Aidha, serikali imekuwa ikipanga kujenga kituo cha umeme wa nyuklia, kwanza katika Kaunti ya Kilifi, kisha macho yakaelekezwa Siaya.

Ghala na kaburi

Ghala huhitaji mlinzi daima. Kaburi la taka hujengwa ili hatimaye mwamba wenyewe uwe mlinzi. Tofauti hiyo hutokana na muda. Kobalti-60 hupoteza nusu ya nguvu zake kwa muda wa miaka 5 hivi, na sizi-137 kwa miaka 30. Radiumu-226 huchukua miaka 1,600, na plutoniamu-239 zaidi ya miaka 24,000. Hakuna serikali iwezayo kuahidi askari wa zamu kwa muda huo.

Hata hivyo, kabla ya kufungwa, kaburi hilo ni mahali pa kazi ya kila siku. Kila pipa hukaguliwa na kuandikwa: limebeba nini, linatoka wapi na limepakiwaje. Mitambo husukuma hewa chini na kuichuja inapotoka, vipimo vya mionzi husomwa mfululizo, na kila chumba kilichojaa huzibwa.

Uzembe katika hatua moja hugharimu zote. Katika kituo cha WIPP, jimbo la New Mexico nchini Marekani, kilichofunguliwa mwaka 1999 ndani ya tabaka la chumvi lenye kina cha mita 655, pipa moja lilipasuka Februari 2014 na kuvujisha mionzi. Kosa lilifanyika mbali na hapo, wakati wa kupakia: kifyonza-maji chenye asili ya mimea kilichanganywa na chumvi za naitreti, vikazalisha joto. Kituo hakikuanza tena kupokea taka hadi mwaka 2017.

Funzo la Asse

Ujerumani ilichukua njia ya mkato. Kati ya mwaka 1967 na 1978, mapipa takriban 126,000 yaliteremshwa katika Asse, mgodi wa chumvi uliokwisha kuchimbwa. Kwa kuwa wachimbaji walikuwa wameacha mapango makubwa, mwamba ulilegea na maji yakaanza kupenya, maelfu ya lita kila siku. Mwaka 2013 sheria iliamuru taka hizo zitolewe, kazi ngumu kupita ile ya kuziingiza.

Finland ilitenda kinyume. Huko Onkalo, handaki lilichimbwa mahsusi katika mwamba imara, kina cha mita 400 na ushei, baada ya miaka mingi ya uchunguzi. Mafuta ya nyuklia yaliyotumika yamepangiwa kuwekwa katika mitungi ya shaba iliyozungukwa na udongo wa bentonaiti, ambao huvimba unapolowa na kuzuia maji.

Hali ya Migori

Mashimo ya Masara yamekusanya kasoro ambazo wahandisi huziepuka: yamechimbwa bila ramani, mwamba umepasuliwa katika kufuata mshipa wa dhahabu, na maji hupita. Tena, dhahabu ikibaki, vizazi vijavyo vitarudi kuchimba.

Eneo hilo tayari lina mzigo wake. Mgodi wa Macalder ulifungwa mwaka 1966, lakini mashapo yake yalibaki juu ya ardhi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu mionzi ya asili katika migodi ya dhahabu ya Migori ulipata viwango vya chini kwa jumla, ila ukatahadharisha kuhusu vumbi la kusaga mawe. Zebaki inayotumiwa kunasa dhahabu ni hatari nyingine, tena iliyo karibu zaidi.

Kwa nchi yenye taka chache, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki limependekeza kisima chembamba kinachochimbwa kwa mtambo, kina cha makumi ya mita au zaidi, ambamo vyanzo vidogo hupangwa na kuzibwa kwa saruji. Ghana na Malaysia zimekuwa mstari wa mbele katika njia hiyo. Nayo pia hudai mwamba uliochunguzwa, maji yaliyopimwa, kumbukumbu zinazotunzwa na wakazi walioshirikishwa kabla ya jembe la kwanza kupigwa.