Kufutwa, Kufa na Hasara Kamili: Historia Fupi ya Istilahi za Bima ya Vyombo vya Moto

Miongoni mwa istilahi zinazowataabisha wafasiri wa hati za bima imo ile inayohitajika pale kampuni inapoamua kwamba chombo kilichopata ajali hakistahili kutengenezwa. Wengine huandika kwamba chombo "kimefutwa". Wengine husema "kimekufa". Wengine hutumia "hasara kamili" au "hasara ya jumla". Katika makala haya tunakusudia kueleza asili ya matamko hayo, na kuonyesha kwamba kuyachagua si suala la kupamba lugha tu, kwani mtu aweza kupoteza haki yake kwa sababu ya kitenzi kimoja.

Tuchukue mfano wa Ipililo, kata iliyo katika Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu, mkoa ambao ulimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na makao makuu yake yakawa Bariadi. Huko, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Usukuma, pikipiki ndiyo inayomfikisha mgonjwa zahanati na mfanyabiashara mnadani. Aghalabu pikipiki hununuliwa kwa mkopo, na mkopeshaji hudai kwamba chombo kikatiwe bima kubwa. Tuseme, basi, kwamba pikipiki moja ya namna hiyo imeteleza matopeni ikagonga ukingo wa daraja. Dereva ametoka na michubuko. Shokapu za mbele zimepinda, tangi limebonyea, taa imevunjika, lakini injini inawaka. Fundi wa hapo kijijini anasema kazi hiyo ni ya siku mbili. Baada ya majuma kadhaa mwenye pikipiki anapokea barua inayomwarifu kwamba pikipiki yake "imefutwa".

Je, aelewe nini? Mwenye kujua Kiswahili anayo sababu ya kudhani mambo matatu. La kwanza, kwamba dai lake limekataliwa, maana kesi hufutwa. La pili, kwamba usajili umeondolewa, na kadi yenye namba yake ya MC haina kazi tena, maana usajili nao hufutwa. La tatu, na hili ndilo la kufurahisha mno kwake, kwamba amesamehewa mkopo, maana madeni hufutwa. Kampuni haikukusudia hata moja kati ya hayo. Ilikusudia kusema kwamba haitagharimia matengenezo, kwamba italipa thamani ya pikipiki, na kwamba mabaki yake yatakuwa mali ya kampuni endapo mwenyewe hatakubali kubaki nayo kwa kukatwa bei yake katika malipo.

Ili kuona mkanganyo huu umetoka wapi, hatuna budi kurudi nyuma. Neno lenyewe "bima" si la Kibantu, wala si la Kiarabu. Waarabu husema neno jingine kabisa, lenye mzizi mmoja na maneno yetu "amani" na "amana". Bima imetujia kutoka Bara Hindi, ambako ilifika kutoka Kiajemi, na katika Kiajemi shina lake ni neno lenye maana ya hofu. Lilipita njia ile ile ya biashara iliyotuletea neno "hundi". Uhusiano wa maneno haya mawili ni wa karibu kuliko wengi wanavyodhani. Wafanyabiashara wa Gujarati walikuwa na hundi ya namna ya pekee iliyoitwa jokhmi, ambayo ililipwa tu ikiwa shehena imefika salama. Chombo kikizama, aliyetoa fedha ndiye aliyebeba hasara. Yaani karatasi moja ilikuwa hundi na bima kwa pamoja. Kiswahili kimeyapokea maneno yote mawili, lakini leo hundi inakaa benki, na bima ilikaa kwa miaka mingi kwenye kioo cha gari.

Fikra ya hasara kamili nayo ilizaliwa baharini. Katika sheria za bima ya vyombo vya baharini za Uingereza, zilizokusanywa katika sheria moja mwaka 1906, hasara kamili iligawanywa katika namna mbili. Ya kwanza ni pale chombo kinapoangamia kweli: kimezama kilindini, au kimeteketea kwa moto. Ya pili ni pale chombo kingalipo, pengine kimekwama mwambani na mlingoti wake unaonekana, ila gharama ya kukinasua na kukitengeneza inapita thamani kitakayokuwa nayo baada ya kutengenezwa. Hapo mwenye chombo aliruhusiwa kuwaachia wenye bima mabaki na kudai fedha yote, kana kwamba chombo kimezama. Msomaji aione vema tofauti hii, maana ndiyo roho ya makala haya: katika namna ya kwanza bahari ndiyo iliyoamua; katika namna ya pili ameamua mwenye kalamu.

Gari lilipokuja, wenye bima hawakubuni fikra mpya. Walichukua ile ya jahazi wakaivika magurudumu. Baada ya Uingereza kulazimisha bima ya barabarani kwa sheria ya mwaka 1930, makoloni nayo yalipata sheria za mfano huo, na ile ya Tanganyika ndiyo asili ya Sura ya 169 ya sheria zetu. Lakini bima hiyo ya lazima, ambayo wananchi wameiita "bima ndogo", humlinda mtu mwingine aliyedhurika. Haikigusi kamwe chombo cha mwenye bima. Mwenye bima ndogo peke yake, pikipiki yake ikiharibika, halipwi hata thamani ya kioo cha pembeni. Suala la hasara kamili ya chombo chake mwenyewe huzuka kwa aliyekata "bima kubwa". Tunapenda kusema hapa kwamba majina haya mawili, ambayo hayakutungwa na kamati yoyote, ni mazuri kuliko tafsiri nyingi za ofisini, isipokuwa yana kasoro moja: humfanya mtu adhani kwamba tofauti ni ya kiasi tu, ilhali ni tofauti ya nani anayelindwa.

Kuhusu usanifishaji, historia ya bima nchini ina funzo lisilotajwa mara nyingi. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 likawa mali ya umma na kukabidhiwa shughuli za bima Tanzania Bara. Zanzibar ilianzisha shirika lake mwaka 1969. Mwaka huo huo wa 1967 lilianzishwa kwa sheria Baraza la Kiswahili la Taifa, na tangu miaka ya 1970 Baraza likawa linatoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Kwa takribani miaka 30 Bara ilikuwa na shirika moja la bima, na neno lililochapwa katika fomu zake likawa, kwa hali halisi, neno la taifa. Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilipofungua milango kwa kampuni binafsi, kila kampuni ilikuja na wafasiri wake. Hivyo mtu mmoja husomewa "mabaki" katika ofisi moja na "skrepa" katika nyingine, na mambo hayo si sawa. Mabaki ya pikipiki yenye injini nzima yana bei; skrepa hupimwa kwa kilo.

Sasa tukirejee kitenzi "kufuta". Hiki hakikutoka kwenye bima, kimetoka kwenye uhasibu. Waingereza wana tamko moja ambalo viungo vyake vina maana ya kuandika na kuondoa. Mhasibu hulitumia kwa deni lisilolipika, Serikali kwa fedha au vifaa vilivyopotea, na mtu wa bima kwa gari lililogongwa. Mfasiri aliyezoea hesabu za Serikali huona "kufuta" kuwa tafsiri tayari, naye hulibeba neno hilo hadi kwenye barua ya pikipiki. Katika vitabu vya hesabu neno hilo ni sahihi kabisa, kwa kuwa kinachofutwa ni maandishi. Katika barua ya bima hakuna kinachofutwa. Chombo kipo uani, na kinahamia mikononi mwa mwingine.

Neno la mitaani, "imekufa", lina nguvu zaidi, na ni Kiswahili halisi, kwani injini hufa na betri hufa. Hata hivyo linafaa kwa ile namna ya kwanza ya hasara tu. Mwenye pikipiki atajibu, na atakuwa na haki, kwamba mbona inawaka. Hoja yake inajibiwa kwa hesabu. Tuseme pikipiki ilikuwa na thamani ya shilingi 2,000,000 siku ya ajali. Mthamini, akiandika bei za vipuri vipya na ujira wa karakana, amepata gharama ya shilingi 1,300,000. Mabaki jinsi yalivyo yanaweza kuuzwa kwa shilingi 800,000. Kampuni ikilipa thamani yote na kuuza mabaki, inatumia shilingi 1,200,000, pungufu ya gharama ya kutengeneza. Fundi wa Ipililo anayenyoosha shokapu kwa moto na nyundo hakuingizwa katika hesabu hiyo. Ndiyo maana ajali ndogo yaweza kuleta hasara kamili, hasa kwa chombo cha bei nafuu, ambacho vipuri vichache tu vinakaribia bei ya chombo kizima.

Kwa sababu hizo tunaona kwamba "hasara kamili" lipewe nafasi ya kwanza, na kwamba ligawanywe: "hasara kamili halisi" kwa chombo kilichoangamia, na "hasara kamili ya kimakadirio" kwa chombo kilichohesabiwa hivyo kwa ulinganisho wa gharama. "Hasara ya jumla" tungeliacha, kwa kuwa "jumla" humpeleka msomaji kwenye kujumlisha, kana kwamba ni hasara kadhaa zilizowekwa pamoja. "Kufuta" libaki kwa wahasibu, na kwa msajili wa vyombo anapofuta usajili. Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kwani barua ya namna hiyo yaweza kusomwa mbele ya hakimu kwa maneno yake yenyewe, wala mtu hatakimbilia nakala ya Kiingereza kueleza lililokusudiwa.

Limebaki neno "thamani", ambalo hati nyingi huliandika peke yake. Mnunuzi wa Ipililo hulielewa kuwa bei aliyolipa dukani. Kampuni huwa na maana ya bei ya soko siku ya ajali, baada ya kuondoa uchakavu. Kati ya hizo mbili yaweza kuwapo shilingi laki kadhaa, na mkopeshaji, ambaye aghalabu hulipwa kwanza, hadai pungufu ya salio lake. Hati iandike "thamani ya soko siku ya ajali" kila inapotaja malipo, hata kama sentensi itarefuka.