Jina la Teresia na Urithi Wake



Wazazi wanapofika ofisini kuandikisha mtoto kwa ajili ya Ubatizo, tuna desturi ya kuwauliza kwa nini wamechagua jina walilolichagua. Baadhi yao hujibu kwamba ni jina la bibi. Wengine husema, "Padre, tumelipenda tu." Jibu hilo si baya, kwa maana upendo ni mwanzo mwema. Hata hivyo, katika vitabu vya Ubatizo vya parokia zetu nyingi liko jina ambalo hurudi ukurasa baada ya ukurasa, nalo ni Teresia. Na tumeona kwamba wengi wanaoitwa hivyo hawajapata kusimuliwa jina lao lilitoka wapi, wala lilipita mikononi mwa nani kabla ya kuwafikia. Juma hili, basi, tuitafakari pamoja historia ya jina hilo.

Maana yake ya asili haina uhakika. Wapo wataalamu wanaolihusisha na neno la Kigiriki lenye maana ya kuvuna, na wapo wanaolihusisha na kisiwa cha Thera katika nchi ya Wagiriki. Miongoni mwa wanawake wa kwanza wanaojulikana kwa jina hilo ni Therasia, mwenyeji wa Hispania, aliyekuwa mke wa Mtakatifu Paulino wa Nola mwishoni mwa karne ya 4. Watu hao wawili walikuwa na mali nyingi. Baada ya kungoja sana walijaliwa mtoto wa kiume, naye akafariki akiwa na umri wa siku nane tu. Ndipo wakaanza kuuza mali zao na kuwagawia maskini, kisha wakahamia Nola, katika Italia, wakaishi huko maisha ya sala na ukarimu. Hivyo jina hili linaingia katika historia ya Kanisa likiwa na machozi ya mama aliyezika mwanawe, na ambaye hata hivyo hakumwacha Mungu.

Kwa karne nyingi jina hilo lilibaki hasa Hispania na Ureno, likichukuliwa na malkia na wanawake wa kawaida. Aliyelivusha mipaka ni binti aliyezaliwa Avila, Hispania, tarehe 28 Machi 1515, akapewa jina la bibi yake mzaa mama. Babu yake upande wa baba alikuwa Myahudi aliyeingia Ukristo, ambaye mwaka 1485 aliadhibiwa hadharani na Mahakama ya Uchunguzi wa Imani huko Toledo. Tuliweke jambo hilo moyoni, maana tutalirudia. Teresa alijiunga na monasteri ya Wakarmeli mwaka 1535. Tunapomwona katika picha, macho yake yakielekea mbinguni, twaweza kudhani kwamba sala ilimjia kwa wepesi. Yeye mwenyewe anatuambia vinginevyo. Katika kitabu cha maisha yake anakiri kwamba kwa miaka mingi sala ilikuwa mapambano, na kwamba kuna nyakati alizokuwa akingojea kwa hamu saa ya sala iishe kuliko alivyotamani kukaa na Bwana. Akadumu. Mwaka 1562 alianzisha monasteri ya Mtakatifu Yosefu pale Avila, na hadi kufa kwake nyumba alizoanzisha zilifikia 17.

Alifariki tarehe 4 Oktoba 1582, usiku ambao hautasahaulika kwa wapenzi wa kalenda. Usiku huohuo baadhi ya nchi za Wakatoliki ziliacha kalenda ya zamani na kufuata ile iliyotengenezwa na Papa Gregori XIII, hata siku iliyofuata ikaitwa tarehe 15 Oktoba. Ndiyo maana sikukuu yake tunaiadhimisha tarehe 15. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1622, na tarehe 27 Septemba 1970 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa kwanza kupewa cheo hicho.

Kwa sifa zake jina lilienea Ulaya nzima, hata katika nyumba za wafalme. Maria Theresia wa Austria, aliyeishi kati ya mwaka 1717 na 1780, alilipeleka mbali zaidi bila kukusudia. Sarafu ya fedha yenye sura yake ilipendwa mno na wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na Zanzibar, kiasi kwamba baada ya kufa kwake iliendelea kutengenezwa kwa mwaka uleule wa 1780. Kwa hiyo wazee wetu wa pwani waliishika riale ya Maria Theresia viganjani mwao hata kabla wamisionari hawajafika Zanzibar mwaka 1860. Walijua uzito wa fedha. Jina lililoandikwa juu yake halikuwaambia kitu. Je, sisi nasi hatulishiki jina hilo namna hiyo, tukijua sauti yake bila kujua thamani yake?

Tuje sasa Ufaransa. Tarehe 2 Januari 1873, katika mji wa Alençon, Louis na Zélie Martin walimpata mtoto wao wa mwisho, wakamwita Thérèse. Jina hilo lilikuwa limekwisha kutumika nyumbani humo, kwa kuwa dada yake, Mélanie-Thérèse, alikuwa amefariki mwaka 1870 akiwa mtoto mchanga. Thérèse alipokea jina la marehemu. Akiwa na umri wa miaka minne alifiwa na mama. Akiwa na miaka 15 aliingia monasteri ya Wakarmeli huko Lisieux. Akiwa na miaka 24 alikufa kwa kifua kikuu, tarehe 30 Septemba 1897.

Tunampenda kwa mawaridi yake na kwa njia yake ndogo. Lakini tusipite haraka juu ya miezi yake 18 ya mwisho. Usiku wa Alhamisi Kuu mwaka 1896 alianza kutema damu, na katika siku zilezile za Pasaka imani yake iliingia gizani. Wazo la mbinguni, lililokuwa furaha yake tangu utotoni, likageuka kuwa mateso. Alieleza kwamba hapo ndipo alipoelewa kwamba kweli wapo watu wasio na imani, akakubali kuketi pamoja nao katika meza yao ya uchungu na kuwaombea. Aliiandika Kanuni ya Imani kwa damu yake mwenyewe, akawa anaibeba kifuani. Wakati huohuo alikuwa akimwandikia barua za kumtia moyo mseminari mmoja, Maurice Bellière, aliyejiunga na Wamisionari wa Afrika na baadaye akatumwa Nyasa, yaani Malawi ya leo. Mtu aliyekuwa gizani ndiye aliyemwangazia mwenzake njia ya kuja Afrika. Mwaka 1925 Papa Pio XI alimtangaza mtakatifu, na mwaka 1927 akamfanya msimamizi wa misioni pamoja na Mtakatifu Fransisko Saveri.

Wa tatu alizaliwa Myahudi. Edith Stein alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1891 huko Breslau, mji ambao leo unaitwa Wrocław na uko Poland. Alifiwa na baba akiwa mdogo sana, na katika ujana wake aliacha kusali kwa hiari yake. Akawa mwanafalsafa mwenye shahada ya udaktari. Katika kiangazi cha mwaka 1921, akiwa mgeni katika nyumba ya rafiki, alisoma kitabu cha maisha ya Teresa wa Avila. Tarehe 1 Januari 1922 alibatizwa, akiongeza jina Theresia. Mwaka 1933 aliingia Karmeli huko Köln, akaitwa Teresa Benedikta wa Msalaba. Tarehe 26 Julai 1942 barua ya maaskofu wa Uholanzi ya kupinga dhuluma dhidi ya Wayahudi ilisomwa makanisani. Kwa kulipiza kisasi, Wajerumani waliwakamata Wakatoliki wenye asili ya Kiyahudi tarehe 2 Agosti, naye akiwamo pamoja na dada yake Rosa. Aliuawa Auschwitz tarehe 9 Agosti 1942. Hapa turudi kwa yule babu wa Toledo. Mjukuu wa Myahudi aliyeaibishwa na Wakristo ndiye aliyemfungulia mlango wa Kanisa binti huyu wa Kiyahudi, zaidi ya karne nne baadaye. Historia ya jina hili ina mambo ya kutufanya tutubu, na ina mambo ya kutufanya tumshangilie Mungu.

Wa nne wengi wetu tunamkumbuka akiwa hai. Anjezë Gonxhe Bojaxhiu alizaliwa Skopje mwaka 1910. Alipojiunga na Masista wa Loreto mwaka 1928 alitaka jina la yule wa Lisieux. Na kwa kuwa mwenzake mmoja alikuwa tayari analitumia kwa tahajia ya Kifaransa, yeye aliliandika kwa Kihispania, Teresa. Ulimwengu ulimfahamu kama Mama Teresa wa Kalkuta, mwenye sari nyeupe yenye mistari ya buluu, aliyepewa tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1979. Alifariki tarehe 5 Septemba 1997. Miaka kumi baadaye, mwaka 2007, barua zake kwa viongozi wake wa kiroho zilichapishwa, na wengi walishtuka. Mama huyo, aliyewatabasamia watu wanaokufa barabarani, kwa takriban miaka 50 hakuhisi uwepo wa Mungu katika sala yake. Walikuwapo waliosema kwamba basi hakuwa na imani. Kanisa lilizipima barua hizo na kuona jambo lingine, uaminifu usiotegemea hisia, likamtangaza mtakatifu tarehe 4 Septemba 2016.

Wapendwa, tunaandika haya kwa sababu ya maneno tunayoyasikia mara kwa mara kutoka kwenu: "Padre, nasali lakini sisikii kitu. Labda Mungu ameniacha." Mama aliyefiwa anasema hivyo, na kijana aliyekosa kazi kwa muda mrefu, na mgonjwa asiyelala usiku. Wengine wanaona haya kuungama hali hiyo, kana kwamba ni dhambi. Tazameni wanawake hawa. Yule wa Avila alipigana na saa ya sala. Yule wa Lisieux alifunikwa na ukungu. Edith aliishi miaka bila sala, kisha akatembea hadi kifo. Yule wa Kalkuta alisubiri maisha yake yote. Hakuna hata mmoja aliyelitafuta giza hilo, na hakuna aliyeacha kupenda kwa sababu yake. Walifanya kazi ya siku, wakahudumia aliye mbele yao, wakarudi kusali kesho yake.

Basi, ninyi wazazi mliompa mtoto jina hili, msimulieni habari zake. Adhimisheni siku ya somo wake, iwe tarehe 1 Oktoba, 15 Oktoba, 9 Agosti au 5 Septemba, hata kama ni kwa sala fupi na chai ya jioni. Nawe unayeitwa Teresia, siku sala itakapokuwa kavu kinywani mwako, kumbuka kwamba jina lako lilipita gizani mara nyingi kabla ya kukufikia, na kila mara alikuwapo mtu wa kulipokea upande wa pili.

Mungu awabariki. Juma jema kwenu nyote.