Kakamega Ilipokuwa Uganda

Angalia ramani vizuri: kutoka Kakamega, Kampala ni karibu kuliko Nairobi. Kwa hivyo likizo ikifika na mmechanga pesa na marafiki, kukodi gari, kupitia Mumias, kuvuka Busia na kwenda kuona Nile pale Jinja si wazo la ajabu. Mombasa ndiyo mbali.

Shida ni kwamba mpakani, gari huhojiwa kuliko mtu. Wewe tangu 2014 unaingia Uganda na kitambulisho tu, pasipoti si lazima. Lakini gari la kukodi? Logibuku iko wapi? Barua ya mwenyewe ya kukuruhusu kulitoa nchini iko? Bima ya COMESA, ile Kadi ya Njano, umelipia?

Sasa sikia hii. Kabla ya 1902, safari hiyo yote ingekuwa ya ndani ya nchi moja. Mumias, Kisumu, hata Naivasha, zote zilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Waingereza walikuwa na kituo chao Mumias, kwa Nabongo Mumia, na ofisa wao pale, C. W. Hobley, alikuwa mtumishi wa serikali ya Uganda. Misafara ya kutoka pwani ilikuwa inapumzika hapo kabla ya kuendelea Buganda. Njiani ililipa watawala wa sehemu mbalimbali ada ya kupita, na ada hiyo iliitwa hongo. Neno bado tunalo, kazi yake imebadilika kidogo tu.

Kilichotuhamisha ni reli. Ilifika Kisumu Desemba 1901, na London ikataka reli nzima iwe chini ya utawala mmoja. Aprili 1902 mkoa ukakatwa Uganda ukaunganishwa na upande wa Kenya. Hakuna mtu wa huku aliyeulizwa. Watu walibaki kwao, mpaka ndio uliohama.

Usidhani hiyo ni stori ya mababu pekee. Februari 1976 Idi Amin aliifufua, akasema magharibi mwa Kenya ni mali ya Uganda kihistoria. Kenyatta alikataa katakata, na Amin akarudi nyuma. Ule uamuzi wa ofisi wa 1902 nusura ututie vitani.

Hata usukani unakumbuka wakoloni. Ukivuka Busia unaendelea kushoto, kwa sababu pande zote mbili zilitawaliwa na Mwingereza. Endelea hadi Rwanda, alikotawala Mbelgiji, na lazima uhamie kulia.

Mwaka 1999 marais wa Kenya, Uganda na Tanzania walitia sahihi mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki, na kweli mambo yamelegea. Siku hizi Busia unahudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Lakini Wasamia wako pande zote za huo mpaka, lugha moja, koo zilezile. Mtu wa huku akikodi matatu kupeleka familia kumzika shangazi ng'ambo, anajaza karatasi zilezile na kulipia bima ileile kama mtalii anayeenda Jinja kupiga picha. Kwa sheria, wote wawili wanaenda ugenini.